Siku Mbili Kutoka Kisumu

Jambo hili naona haya kulisema, ila limenikaa kifuani. Mimi ni karani wa malori huko Shimanzi, kando ya bandari hapa Pwani, na mtaani kwetu Bondeni huwa najifanya bingwa wa njia zote.

Wiki jana jirani yetu, Bi Zuhura, alifariki alfajiri. Mwanawe wa pekee, Swaleh, alipiga simu kutoka Kisumu akasema anaingia garini sasa hivi, kisha simu yake ikazimika. Mzee Shee, kakake marehemu, akaniuliza mbele ya watu, "Kassim, tumngoje tuzike Magharibi, au hatawahi?"

Sikufikiri hata kidogo. "Kisumu ni siku mbili, mzee."

Hizo ni siku za lori lililosheheni, linalopanga foleni kwenye mizani, dereva akilala njiani. Swaleh alikuwa na gari dogo.

Tukazika adhuhuri. Hata koleo nililishika mimi, kwa kimbelembele changu.

Saa kumi na moja jioni tulikuwa tumeketi matangani Swaleh alipoingia, nguo zimejaa vumbi. "Mama yuko chumba kipi?"

Mzee Shee alinigeukia mimi. "Kassim, mwambie Kisumu ni siku ngapi."