Fundi wa Ruiru na Waya wa Kijani

"Mwambie mtoto avae viatu," fundi aliniambia, na hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokwisha.

Mtoto mwenyewe alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Dakika chache kabla alikuwa ameshika pasi ya stima kwa kiganja, miguu mitupu juu ya saruji niliyotoka kuipiga deki. Pasi haikuwa hata imepata moto. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeichomeka. Stima ilimrusha hadi kwenye mguu wa meza. Nilimwokota chini. Kisha akalia. Fundi alikuwa nyumba ya pili akifunga taa. Nilimwita, akaja akitafuna muwa, akanipa shauri lake la viatu.

Tulikaa Thika, katika nyumba za kiwanda ambako mume wangu alikuwa karani. Stima ilikuwa imeingizwa mwaka uleule, taa moja na soketi moja kila nyumba, na kikiharibika kitu cha ndani unajitafutia fundi. Mume wangu akaleta huyu. Nilipouliza ana cheti gani, alinijibu, "Ni mtu wa Ruiru."

Na kwetu hilo lilikuwa jibu. Mtambo wa stima ulikuwa Ruiru, mtoni, kwa hiyo mtu wa Ruiru alihesabiwa kuijua stima kama mtu wa Murang'a anavyojua ndizi. Tena alikuwa mshirika wa kanisa letu. Ndugu wa kanisa unamwulizaje cheti?

Kazi ya kwanza tuliyompa ni hiyo pasi. Kila tukiichomeka, fyuzi inakatika na taa inazimika. Fundi alifungua plagi, akatazama nyaya tatu zilizomo, akatoa kisu akakata mmoja. Wa kijani. Akachomeka pasi, na fyuzi haikukatika. Majirani waliojaa mlangoni wakamsifu.

"Huyu wa tatu ni nyapara," akawaambia. "Anasimama tu, kazi wanafanya wale wawili."

Watu walicheka. Nami nilicheka, na hilo sijajisamehe. Shuleni mwalimu wa sayansi alituchorea waya huo ubaoni. Stima ikitoroka ndani ya chombo, waya wa kijani unaipeleka ardhini na fyuzi inakatika, isije ikapita mwilini mwa mtu. Fyuzi ilikuwa ikituambia pasi ni mbovu. Huyu bwana akaikata ulimi, nami nikampa chai.

Majirani nao wakampa plagi za pasi zao, na tangu hapo pasi zetu zikaanza kuuma vidole. Fundi akasema ni kawaida ya stima, tusimame juu ya ubao. Basi wanawake wa mstari wetu mzima wa nyumba tukawa tunapiga pasi juu ya mbao kama kuku waliopanda kichanja. Nilimlalamikia mume wangu mara mbili. Mara zote mbili aliniambia fundi ameshasema ni kawaida.

Siku ile ya viatu, mtoto akiwa begani ana kwikwi ya kulia, nilimwuliza fundi kazi hii alijifunzia wapi.

"Mama, mambo ya stima nitaongea na mwenye nyumba akitoka kazini."

"Mwenye mtoto niko hapa. Pale mtamboni Ruiru ulikuwa nani?"

Akautazama muwa wake. "Nilikuwa nabeba nguzo."

"Kumbe tumefungiwa stima na hamali," jirani yangu akasema kutoka dirishani.

Nilimtoa fundi nje. Kisha nikapita nyumba kwa nyumba, nikawaambia kina mama wachomoe plagi zao, nikazifungua kwa kisu cha jikoni. Nyumba sita. Zote sita, waya wa kijani umekatwa.

Jioni mume wangu aliomba tulipeleke jambo hili kwa wazee wa kanisa, tusimwaibishe ndugu. Nikamwambia wazee wa kanisa hawajui kuunga waya. Asubuhi nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda ofisi ya nyumba. Karani wa mlangoni aliuliza kama mzee, yaani mume wangu, anajua nimekuja. Nilimpa barua, nikasimama hapo mpaka akaigonga muhuri:

"Kwa Meneja wa Nyumba. Bwana, namshtaki fundi anayefunga stima katika mstari wetu. Hana cheti. Amekata waya wa ardhini katika plagi sita. Nimezifungua mwenyewe, na vipande vya waya nimevitia katika bahasha hii. Jana mtoto wangu alirushwa na stima kwa sababu hiyo. Nataka fundi huyo asiguse tena nyumba yoyote, na mtu mwenye cheti azikague zote sita kabla mtoto wa mtu hajafa. Jibu usilipitishe kwa mume wangu, kwa kuwa yeye hakuwapo. Nitakuja kulichukua mwenyewe Ijumaa."