Siku Niliyomwonyesha Baba Mkwe Upepo Safi

Nawasimulia hili lakini mcheke taratibu, maana aibu yenyewe bado haijanitoka, na nikipita sokoni Kasongo kuna watu wanaoinamisha kichwa ili nisiwaone wakicheka.

Kazi yangu iko mbali, huko Moanda, kwenye jukwaa la mafuta baharini, ambako natunza mashine kubwa za kusukuma gesi. Nilirudi likizo nimpose Zaina, na mambo yalikwenda vizuri mpaka shangazi yangu, aliyetangulia kupeleka maneno, alipoulizwa kijana anafanya nini akajibu kwamba nasafisha upepo (ndivyo nilivyomweleza mwenyewe kwenye simu, tusimlaumu). Baba yake Zaina, Mzee Ramazani, muuza vitambaa, ni mtu wa kuuliza, hata kiberiti hanunui kabla hajajua kichwa chake kimetengenezwa na nini, na neno lile likamkaa rohoni: mtu anayesafisha upepo ama mganga ama mwongo, na binti yake hampi yeyote kati ya hao.

Basi Ijumaa tukakutana mbele ya kwado ya Assani, pale wanapoziba matairi ya pikipiki zinazotoka Wamaza, naye mzee yumo ndani ya kanzu nyeupe anaelekea msikitini.

"Mutoto yangu," akasema, "nguo inafuliwaka, sahani inasafishwaka. Upepo, unaikamataka wapi?"

Swali zuri, nikalifurahia. Nikamweleza kwamba mashine ile ina mhimili unaozunguka kwa kasi, na pale unapotokea nje gesi ingevuja, kwa hiyo kuna pete mbili zinazotazamana bila kugusana, na katikati yake tunapitisha gesi safi, utando mwembamba kuliko unywele, ndio unaofunga njia. Ikiingia chembe ya vumbi au tone la mafuta, pete zinakwaruzana na mashine nzima inasimama, kwa hiyo kazi yangu ni kuichuja ile gesi, kuikausha na kuipasha moto kidogo isitoe umande. Mzee akauliza umande unatoka wapi. Akauliza nani aliyeziona pete hazigusani. Watu wakajaa, hata shangazi (alikuwa anapita tu, alisema), nami nikaona maneno hayatoshi, nimwonyeshe kwa macho.

Assani alikuwa na kompresa, mtungi umejaa hewa. Kila mtu wa kazi yangu anajua kwamba kwanza unafungua vali ya chini, maji na mafuta yaliyojikusanya yatoke. Nilijua. Lakini hewa ingepungua, jenereta ilikuwa imezimika, na watu wananitazama, nikasema moyoni haidhuru, pumzi moja tu. Nikashika mpira wa kupulizia hewa, nikamwomba mzee anyooshe mkono ahisi hewa safi ilivyo kavu.

(Mmeanza kucheka.)

Yakatoka maji ya kutu na mafuta meusi, yakampiga mzee kuanzia mkononi hadi kifuani, nami kwa kuchanganyikiwa badala ya kuachia nikaminya zaidi, yakafika kwenye kofia, kisha nikanyakua kitambaa cha Assani nimpanguse, kumbe ndicho anachofutia minyororo, nikamwongezea. Shangazi akajifunika uso kwa kitenge. Adhana ikaanza. Nilijua nimempoteza Zaina, na niliumia sana.

Mzee akavuta kanzu, akanusa doa, akalisugua kwa vidole. Akauliza polepole kama gesi ya baharini nayo ikiachwa inakuwa hivi. Nikasema ndiyo, baba. Akauliza kama kanzu yake ndiyo zile pete. Nikasema ndiyo.

"Sasa nimesikia," akasema. "Kazi iko, uongo haiko. Zaina utamuoa." Akajitazama tena tangu juu mpaka chini. "Lakini kule ku bahari, nani anakuchungaka weye?"

Akarudi nyumbani kubadilisha nguo, watu wanacheka, nami nimesimama na mpira mkononi.

Nimeapa kwamba mtu akiniuliza kazi yangu nasema fundi, basi, na sionyeshi mtu kitu. Ila nikipiga simu kutoka baharini mzee ndiye anayepokea, na hampi Zaina simu mpaka ajue kama nimemwaga maji ya chini, nami kabla ya kujibu huwa naenda kwanza kuhakikisha.