Shingo ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alichomwa sindano ya kolera, ile ya enzi zile, kwa sababu yangu. Nilimpanga kwenye foleni mwenyewe, pale mtaani Nyalukemba, huku akinung'unika. Wiki tatu baadaye shingo ikamvimba, ikamuuma hata kumeza mate, na moyo ukawa unamwenda mbio. Mke wangu aliilaumu ile sindano. Alichukua kadi ya chanjo ya mtoto wetu, ambaye alikuwa bado hajapata ya surua, akaifungia sandukuni.

Nilimpeleka mama hospitali ya Katana. Daktari alijua Kifaransa tu, kwa hiyo nikawa mkalimani. Akasema tezi ya shingo imepata uvimbe wa ghafla. Je, alikuwa na mafua? Ndiyo, nyumba nzima tulikohoa. Alipigwa sindano nyingine yoyote? Mama akatazama sakafu.

"Hapana, mukwe. Ni ile tu ya mukono."

Daktari akakuna kidevu: huenda ni mafua, huenda ni chanjo, hawezi kuapa. Nilirudi nyumbani nikiwa na hatia nusu, nisijue nusu ipi.

Jioni ile mke wangu alitoka chumbani kwa mama macho yamemtoka. Kumbe mwezi ule ule mama, alipokwenda kijijini kwa dada yake, alikuwa amepigwa sindano ya mafuta, ile ya kuzuia rovu, uvimbe wa shingo. Tena ya matakoni. Angelitamkaje neno hilo mbele ya mkwe, na mkwe ndiye anayetafsiri?

Nilikasirika, nikacheka, nikakasirika tena. Kesho yake nikarudi Katana peke yangu. Daktari akasema mafuta yale yana iodini nyingi, nayo huweza kuvuruga tezi. Sasa sababu zikawa tatu.

"Ni ipi basi?"

"Sijui."

Nilimchukia kwa kusema kweli. Ila kuhusu surua hakusita hata kidogo: mtoto achanjwe.

Nyumbani nikaeleza yote, nikijichanganya mwenyewe. Mke wangu akatikisa kichwa.

"Kama huyo munganga wa Katana hajue, miye sitoe mutoto wangu."

Mama akasimama, shingo kaifunga kitambaa, akamwomba ufunguo wa sanduku.

"Maman, na hiyo shingo yako?"

"Iko inauma, ndiyo. Lakini nilizikaka batoto bawili ya surua, mbele ya kukuzala weye. Ile, munganga hakusemaka eti hajue."

Mke wangu hakuwahi kusikia kwamba kulikuwa na ndugu waliomtangulia. Alifungua sanduku, akampa mama ile kadi.