Jagi la Vitamini la Kwaya Yetu

Kwaya yetu ya Kawangware iliamini vitamini C karibu sawa na ilivyoamini Ufufuo, na mimi nilikuwa muumini namba moja. Kila Jumamosi kabla ya mazoezi, mama tuliyemchagua kutunza vitu vya kwaya alidondosha vidonge vya ladha ya machungwa ndani ya jagi la maji. Vilipomaliza kuchemka na kutoa povu tuliomba, kisha kikombe kimoja cha plastiki kikazunguka, kuanzia sisi wa soprano hadi wanaume wa besi kule nyuma. Kila mtu alipiga mafunda mawili. Nani angethubutu kuja na kikombe chake? Ungeonekana una madharau, na sisi tulijiita familia.

Mwaka ule nilikuwa na sababu yangu ya kukazana. Tulikuwa tumemaliza kuezeka kanisa letu pale Kongo, mtaa wa huku huku Kawangware, na siku ya kulifungua nilipewa kuongoza wimbo mkuu. Baba yangu, ambaye ameishi Lindi kule Kibera tangu kabla sijazaliwa, alikuwa amekubali kuja. Kwa miaka tisa hakuwa amenisikia nikiimba. Nilipoolewa nikahamia kanisa la mume wangu, aliona nimelitupa kanisa lake, lile lililonilea. Hatukugombana. Tuliongea vizuri tu habari za maji, stima na watoto, lakini nikitaja kwaya alikuwa anageuza kichwa na kuangalia mlango. Iliniuma sana. Sikutaka sifa zake, nilitaka tu anisikie.

Jumamosi moja, siku nane kabla ya siku yenyewe, mama wetu wa jagi alifika akipiga chafya. Tulimpa pole, tukamwambia leo anywe kwanza, tena anywe vizuri, apone haraka. Akanywa. Kikombe kikaja kwangu kikiwa na joto la mikono yake, nami nikanywa mafunda matatu badala ya mawili, maana nilikuwa na wimbo wa kulinda.

Jumatatu koo likaanza kuniwasha. Jumanne niliamka pua imeziba, na saluni ninakosukia watu wateja wakaanza kuketi mbali nami. Jumatano nikasikia kwamba soprano karibu wote wako kitandani na besi wanakohoa. Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Nikaenda kwa kemisti mmoja upande wa Riruta, nikanunua vidonge vya vitamini C vya kutafuna, nikavitafuna mchana kutwa kama njugu. Mafua hayakutingishika. Tumbo ndilo lililotingishika, likaniendesha hadi Alhamisi asubuhi.

Nikarudi pale kemisti kifua mbele, tayari kwa vita. Dada aliyeniuzia alikuwa peke yake.

"Sasa dada, hizi vitamini zenu ni dawa ama ni peremende?"

"Ni za ukweli. Umekula ngapi?"

Nilipomwambia, akashika kichwa. "Ndio maana tumbo inakusumbua! Sikiza nikuambie. Kwa watu wengi hiyo vitamini haizuii hii homa ya mafua. Ukimeza kila siku, hata kabla ushikwe, inaweza kupunguza siku kidogo tu. Lakini kuanza ukiwa tayari unapiga chafya, haionekani ikisaidia sana."

"Na zinki? Watu wanasema zinki ndiyo dawa yenyewe."

"Labda inasaidia wengine, wakianza mapema. Wenye kuchunguza hizo vitu bado wanabishana. Siwezi kukudanganya ati nina uhakika."

Nikamweleza habari za jagi letu, ili ajue hatukuwa watu wa kupuuza afya. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaweka kalamu chini.

"Kikombe moja? Kwaya mzima? Na mwenye alianza kukunywa alikuwa na homa?"

Tulikuwa tumejigawia mafua wenyewe, mtu baada ya mtu, tena tukayaombea kwanza yaende vizuri. Nilianza kucheka pale kaunta nikashindwa kuacha, na yeye pia akacheka. Alikataa kuniuzia vidonge vingine. Akaniambia ninywe maji, nilale, nisiongee ovyo, ninawe mikono, na kila mtu aje na kikombe chake. Mafua yangeisha yenyewe. Nilitoka pale nikiwa mwepesi, kwa sababu hatimaye kulikuwa na mtu aliyenieleza ukweli, na ukweli wenyewe haukuwa mbaya.

Nilinyamaza siku mbili. Mume wangu alisema nyumba haijawahi kuwa na amani kiasi hicho.

Jumapili ya kufungua kanisa pua ilikuwa imefunguka na mwili una nguvu, lakini sauti ilikuwa imeshuka chini kabisa, nzito na yenye kukwaruza. Kiongozi wa kwaya alinisikiliza, akakuna kidevu, akasema wimbo tutaushusha. Nilipopanda mbele nilimwona baba katika benchi la tatu, amevaa koti lake la harusi za watu. Nikaimba kwa sauti niliyokuwa nayo. Hakuangalia mlango hata mara moja.

Baada ya ibada nilimkuta bado ameketi, kofia magotini.

"Mama," akaniita, kama anavyoniita tangu utotoni, "hiyo sauti umetoa wapi?"

"Ni homa, Baba. Nisamehe. Kawaida yangu inapanda juu."

"Hapana, usiombe msamaha. Hiyo ni sauti ya mama yako. Aliimba hivyo hivyo."

Mama yangu alifariki kabla sijaanza shule. Nakumbuka mgongo wake na leso aliyonibebea, lakini sauti yake sikuwahi kuwa nayo kichwani, na sikujua kama baba bado anayo. Nilikaa kando yake nikalia waziwazi, na kamasi juu, mbele ya wageni wote. Alinipa kitambaa chake. Akangoja nimalize.

"Na ikipona," akauliza, "wewe mwenyewe unaimba aje?"

"Njoo Jumapili ijayo usikie."

"Nitakuja."