Bibi aliyekataa kubonyeza kitufe

Leo nusura nimwandike kiziwi bibi anayesikia kuliko mimi.

Mnajua niko mwaka wa mwisho wa uzamili, nafanya mafunzo ya vitendo ya kupima usikivu hapa Singida mjini. Asubuhi baba mmoja kamleta mama yake kutoka Ikungi. Anasema akimwita kutoka nje, mama haitiki.

Nikamwamkia bibi shikamoo, nikamwingiza kwenye chumba cha kupimia, nikamvalisha visikizi masikioni.
"Bibi, ukisikia mlio wowote, bonyeza hapa."
Akaelewa vizuri tu. Nikafunga mlango.

Mlio wa kwanza, ule mzito. Kimya.
Nikaongeza sauti. Kimya.
Nikaongeza tena. Kupitia kioo namwona kafumba macho, jasho linamtoka.

Nikamnong'oneza msimamizi wangu aliyekaa kando yangu, "Dokta, naogopa, sijui nimekosea wapi."
Nikasahau kwamba kipaza sauti cha kuongea na bibi kiko wazi.

Bibi akajibu kutoka ndani, "Hata mimi naogopa, mjukuu wangu."

Jamani!

Nikafungua mlango. Kumbe alikuwa ameisikia milio yote, tangu ule wa kwanza.
"Ni kama lori linakuja kwa mbali," akasema. "Enzi zile za kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, lori la kubeba watu likija tulikuwa tunajificha nyuma ya kihenge cha nafaka. Mama alisema tukilisikia, asitikisike mtu."

Halafu akanishika mkono, akauliza kwa sauti ya chini, "Limeshapita?"

Nyinyi mngemjibu nini?