Harufu ya Ndizi Mbivu

Baba yangu alikuwa na pua. Msikitini kwetu Rumonge, mji wetu kando ya ziwa, walimtania kwamba akikaa swafu ya kwanza ananusa aliyekunywa jana katika swafu ya mwisho. Yeye hakuwa anacheka na jambo hilo hata kidogo. Jirani yetu wa ng'ambo ya njia, Mkristo, aliuza urwarwa, ile pombe ya ndizi, na kwa sababu hiyo baba hakumsalimu miaka nenda miaka rudi. Jirani akipita anamtakia amani, "Amahoro, muzee," na baba anaangalia ziwa.

Nyumbani tulikuwa watatu: baba, mdogo wangu fundi cherehani, na mimi niliyerudi kwetu baada ya ndoa kunishinda, na hiyo habari msiniulize leo. Mama alishatangulia mbele ya haki. Mdogo wangu alishonea barazani, mpole, hana maneno na mtu. Mwaka ule alianza kukonda hivi hivi, hata suruali alizojishonea mwenyewe akawa anazikunja kiunoni.

Ramadhani ikaingia. Siku moja, adhuhuri, baba akamkuta nyuma ya nyumba, dumu la maji mdomoni, koo linapanda na kushuka. Jamani, mchana wa Ramadhani! Baba hakupiga kelele. Alisema tu, "Anayeiba maji mchana, akiwa peke yake anaiba nini?"

"Baba, kiu hii si ya kawaida. Inaniua."

"Sisi wote tuko na kiu."

Mimi kiu ile niliiona. Anakunywa, anakwenda msalani, anarudi anakunywa tena. Nikamwambia twende hospitali, akasema amalize kwanza nguo za Idi, vitambaa vya watu vimemjaa. Fundi na Idi! Nani amewahi kumtoa fundi kwenye cherehani siku hizo?

Haikupita wiki akaanza kutapika. Alikuwa amelala barazani kando ya mashine yake, macho mekundu, ulimi mzito, anahema kwa kifua chote ingawa hakukimbia popote. Baba akarudi kutoka sala ya alasiri, akamwona, akainama.

"Pumua," alisema.

Mdogo wangu akapumua. Nilikuwa karibu, na mimi nilinusa. Ndizi. Ndizi zilizoiva zikapitiliza, harufu ile ile inayovuka njia siku jirani anapokamua. Baba akasimama wima.

"Iko pombe hii. Mu Ramadhani. Mu nyumba yangu."

"Baba, wallahi hajanywa! Leo hata mlangoni hakufika, miguu haimbebi."

"Mulevi, miguu inamubeba?"

Kila nilichokitaja kilizidi kumzamisha. Anatapika, baba: walevi hutapika. Hasemi vizuri, baba: mlevi gani anasema vizuri? Na mwenyewe alipofungua kinywa ajitetee, kiapo kilitoka pamoja na ile harufu. Nilijua hajanywa, na kujua kwangu hakukusaidia kitu. Nilitamani kupiga ukuta kwa kichwa.

"Alale hapo mpaka imutoke," baba alisema. Kisha akavuka njia, akaenda kumtolea jirani maneno ambayo siwezi kuyaandika. Jirani aliapa kwamba hajamuuzia mdogo wangu hata tone. Baba hakumsikiliza.

Asubuhi mdogo wangu hakuamka sawasawa. Nilimwita, akafungua jicho moja, akalifunga. Baba alikuwa ameshatoka. Nikasimamisha pikipiki, mimi na dereva tukambana katikati, mimi nyuma nimemkumbatia kama mzigo wa kuni. Pale hospitali, msichana wa laboratwari alipomkaribia tu akakunja uso. "Huyu ana ugonjwa wa sukari," alisema, hata kabla ya kumtoboa kidole. Akamtoboa, na kimashine kikashindwa kuandika namba, sukari imezidi kipimo chake. Kijikaratasi alichokichovya kwenye mkojo kikageuka zambarau, rangi ya bilinganya.

Akanieleza taratibu, Mungu ambariki. Mwili wake umekosa insulini, basi sukari imejaa kwenye damu lakini haiingii inapotakiwa. Mwili unaona njaa, unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe, na kinachobaki katika jiko hilo ni asidi. Damu inachachuka. Anahema vile kwa sababu mapafu yanajaribu kuitoa ile asidi.

"Na harufu ya ndizi?"

"Ni asetoni, dada. Ile munatolea rangi ya kucha."

Nilikuwa nayo nyumbani, chupa nzima! Baba alipokaa kusubiri futari nikaiweka mbele yake, nikaifungua. "Nusa, baba." Akanusa, akanusa tena.

"Hii iko ndani ya mutoto wangu?"

"Iko ndani ya damu yake."

Futari ile ilipoa bila kuguswa. Alikwenda hospitali, akakaa miguuni pa kitanda, ameushika unyayo wa mwanawe. Hakuomba radhi, hawa wazee wetu, mnawajua. Ila Ijumaa, baada ya sala, alisimama akasema mbele za watu, "Mwanangu hakunywa. Pua yangu ndiyo ilinidanganya." Wapo walioinama kwa aibu kwa niaba yake. Kwa jirani, hata hivyo, hakuvuka.

Mdogo wangu akarudi nyumbani na chupa yake ya insulini na sindano. Umeme wetu unakuja kama mgeni, basi dawa tuliihifadhi ndani ya mtungi uliozungukwa na mchanga wa ziwani tulioulowesha. Na ile pua ikapata kazi mpya. Kila alfajiri baba akitoka kuswali anamwinamia mwanawe: "Pumua." Anapumuliwa usoni. "Leo iko muzuri," anasema, na wote wawili wanacheka. Mimi nawasikia kutoka jikoni huku nakoroga uji, na moyo wangu unatulia.

Kisha mafuta ya gari yakaadimika, na pamoja nayo kila kinachopakiwa kwenye gari. Nilizunguka farmasi zote za mjini. "Hakuna, mama. Gari haijafika toka Buja," yaani Bujumbura. Nikaenda mpaka Gatete, kwenye mashamba ya mawese, kana kwamba insulini inaota kwenye michikichi. Mdogo wangu akaanza kujipunguzia dawa ili chupa ifike mbali. Tulimwona. Ungemwambia nini? Jichome nyingi, leo upone, kesho uikose kabisa?

Ikaisha. Kisha ikafika alfajiri ambayo baba alisema, "Pumua," na hakucheka. Akamwambia apumue tena. Akakaa chini palepale na kanzu yake nyeupe, akasema kwa sauti iliyovuka njia, "Yaa Rabi, heri ingekuwa pombe! Heri mutoto wangu angekuwa mulevi!"

Hospitali walimtundikia maji, lakini insulini na kwao ilikuwa imekatika. Wakasema apelekwe Bujumbura. Gari la wagonjwa lilikuwepo uani, safi, limekauka tangi. Nilililia lile gari kwa hasira, nikalipiga teke.

Aliyekuja ni jirani. Alikuwa na gari lake kuukuu na mafuta kidogo aliyoyafichia siku mbaya. Kabla ya kuja alishusha madumu yake yote ya urwarwa, akaliosha gari kwa sabuni, mzee asikereke. Baba alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Amahoro, jirani," alisema.

Tulikaa kiti cha nyuma, kichwa cha mdogo wangu mapajani kwa baba, miguu yake kwangu. Vioo tulivifunga kwa sababu ya vumbi, na ndizi ikajaa gari zima. Baba aliinama, pua karibu na mdomo wa mwanawe. "Bado iko," anasema. Tunakwenda kidogo. "Bado iko kali." Tukapita Magara, wanawake wametandaza ndagala juani, na mimi nilishangaa kwamba kuna watu wanaanika samaki siku kama hiyo. Jirani alikuwa anatazama mshale wa mafuta.

Tulipofika Kabezi baba akainua uso. Alikuwa karibu kutabasamu.

"Mama," aliniita, "harufu imepungua. Imekwisha."

Nikasema alhamdulillahi, kwa sauti kubwa, kabla sijaona kwamba kifua cha mdogo wangu hakipandi tena.