Injini ya Nyumba Mbili

Majina ya wote waliomo humu ninayo, hata la yule fundi aliyekuwa akitema mate kabla ya kutaja bei. Siyaandiki kwa sababu wajukuu wao wanajua kusoma kuliko mimi.

Mume wangu alikuwa na matatu moja na wake wawili. Mimi wa kwanza, mikayi kama tunavyosema kwetu, nilikaa mtaa wa Lindi, kule Kibera. Mke mdogo alipangishiwa Kawangware. Miaka ile ya tisini abiria walitaka gari linalokimbia, basi akaitia matatu yake injini kubwa. Ile ya zamani ikatolewa, nayo haikuwa na ubaya wowote.

Nikamwambia, "Baba, hii nipe niuze. Nataka karai kubwa na jiko, nikaange samaki pale barabarani."

"Sawa," akasema.

Lakini mwanamume wa nyumba mbili huogopa kelele. Akaifungua ile injini, akaigawa kama nyama ya ng'ombe aliyechinjwa, kila nyumba na fungu lake. Mimi nikaletewa bloku, ule mwili wa injini, na pistoni, nzito, chafu, zikasukumwa chini ya kitanda ndani ya gunia. Mdogo akapelekewa kabureta na hedi, kile kichwa cha injini.

Mbona yeye ndiye apewe kichwa? Swali hilo nililala nalo, pamoja na harufu ya oili.

Nikamwita fundi wa jua kali aje anunue. Akachungulia gunia, akatema mate nje.

"Mathe, hedi iko wapi?"

"Kwa mwenzangu, Kawangware."

Alicheka mpaka akaegemea mlango. "Sasa nani atanunua mwili bila kichwa? Nenda mpatane, mniletee ikiwa moja."

Nilikataa. Afadhali ioze. Lakini kila jioni nilimwona jirani akirudi na karai tupu, samaki wameisha, anaimba. Nikajifunga leso, nikaenda kwa miguu.

Nyumba ya mdogo ilikuwa na simiti sakafuni. Yangu ilikuwa udongo. Hedi ilikuwa kwenye kona, na kabureta mezani, imepanguswa, juu ya kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, kando ya redio. Redio! Mimi sikuwa na redio.

"Karibu, Mikayi. Umekuja kuona zawadi yangu?"

"Zawadi gani? Hiyo ni spea."

"Baba aliniambia hapa ndipo gari hupumulia. Wewe alikuambia nini?"

Mimi aliniambia nisijigonge mguu.

"Aliniambia yangu ndiyo inayobeba," nikajibu.

Nikamweleza maneno ya fundi. Naye akanieleza yake. Kumbe yeye alitaka cherehani, na alipotafuta mnunuzi alichekwa vilevile. Nilifurahi sana kusikia alichekwa.

Siku ya kuuza tulikutana kwa fundi, kila mmoja amesimama karibu na vyuma vyake. Mdogo alikuja na kabureta mkononi, ameifunga kwa kile kitambaa kama mtoto. Fundi akaifungua. "Hii imetunzwa," akasema. Bloku yangu aliigonga tu kwa spana.

Bei ikawa moja, tukagawana sawa. Karai nilipata. Lakini kilichonipeleka nyumbani nikitabasamu ni kile kitambaa: kilikuwa na doa jeusi la oili katikati, naye mdogo alikuwa akikigeuza huku na huku, akitafuta upande uliobaki mweupe.